Vijiti Vyekundu vya Duwari ya Bawshar

Siku ile tulikuwa sita. Alikuwepo Mhandisi Yaarub, mkuu wa idara ya bustani za mji, amejifunga kilemba chake cha siku za wageni. Alikuwepo Bwana Lennart, mshauri wa bustani kutoka nchi ya baridi, amevaa kofia pana iliyomkinga jua asilione hata kidogo. Alikuwepo Salima, karani wetu, na daftari lake kifuani. Alikuwepo Dilmurad, dereva wa gari la baridi lililoleta mzigo. Alikuwepo Elibariki, fundi wa kitalu, mtu wa Lushoto. Na nilikuwepo mimi, Thuwaiba, msimamizi wa kitalu, niliyeshika kalamu. Nawataja wote sita kwa sababu ukizifungua leo karatasi za idara kuhusu siku ile na yaliyofuata, utakuta jina moja tu la kulaumiwa, nalo ni la Elibariki. Katika wale sita, yeye peke yake ndiye aliyesema kweli.

Nyinyi mliobaki kitaluni mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vimechoka kama watu waliopanda ngazi, na mishahara mnaijua. Nitaandika juu ya miche na walionifundisha, na juu ya Elibariki, kwa sababu kila mwaka huja mtu mpya akaniuliza ile miti mizuri ya miswaki pale kwenye duwari, ule mzunguko wa barabara wa Bawshar hapa Maskati, ilipandwa na nani, na kila mwaka nilimjibu nusu ya jawabu.

Niliingia kitaluni nikiwa na miaka kumi na sita. Baba alifariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Tulibaki wanne, mimi mkubwa. Ami yangu, ndugu wa baba, alikuja na mpango mzuri wa kutugawa: Hilal aende kwake, Nasra kwa shangazi, Muna mdogo kwa khalati, dada wa mama, na mimi niolewe. Alikuwa ameshaiandika kabisa kwenye karatasi, kila jina na nyumba yake. Nikamwambia, "Ami, ahsante, lakini hatugawiki." Akaniuliza nitawalisha nini. Jumatano ile nikaacha skuli, na Jumamosi nikawa najaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche, katika kitalu cha idara kando ya wadi ya Bawshar, lile bonde la mto mkavu.

Siku ya kwanza nilijaza viriba mia mbili, vyote vibaya. Niliukandamiza mno udongo, nikadhani kazi nzuri ni kazi ngumu. Mzee aliyekisimamia kitalu, Ami Suwaid wa Quriyat, alikishika kiriba changu kimoja, akakigonga kwa kidole kama mtu anayejaribu tikiti.

"Hichi umekijaza au umekijenga?" akauliza. Alikuwa amekaa Pemba ujanani mwake, kwenye mikarafuu, na Kiswahili chake kilibaki cha huko mpaka alipokufa. "Mzizi nao ni mtu, mwanangu. Unataka pa kupita."

Nikavimwaga vyote mia mbili nikaanza tena. Hakunisifu, ila siku ya pili aliniletea uji.

Ami Suwaid alinifundisha karibu kila ninachokijua, na hakuna lililokuwa kwenye karatasi. Alinifundisha kuokota mbegu za mghafu, ule mti wa jangwani, kwenye mavi ya mbuzi, kwa kuwa mbuzi ameshaifanya nusu ya kazi. Alinifundisha kuyaosha matunda ya mswaki mpaka nyama yote itoke, kisha kuzipanda mbegu mara moja, maana mbegu ile haina subira. Alinifundisha viriba virefu kwa miti ya jangwani, kwa sababu inapeleka mzizi chini kabla haijatoa jani la maana. Alinifundisha kuinyima miche maji kidogo kidogo wiki chache kabla ya kuipeleka barabarani, ili isifike huko imedekezwa. "Hapa watu huua miche kwa huruma," alikuwa akisema, na akanipokonya mpira wa maji mara nyingi kuliko alivyonipa.

Na alinifundisha ukucha. Ukitaka kujua kama kijiti kiko hai, usikitazame. Kwangua gome kidogo kwa ukucha wa kidole gumba. Ukiona kijani kilicholowa, kipo hai. Ukiona kahawia kikavu, kimekwisha, na hakuna dawa, wala dua, wala kikao. Kifaa hicho hakinunuliwi wala hakiandikwi kwenye orodha ya vifaa, na kwa hiyo idara haikuwahi kukipoteza.

Miaka kumi na mitano iliyofuata ilikuwa miaka ya maua ya msimu mmoja. Mjini kwetu kila msimu wa baridi ulipokaribia tulileta mbegu za maua ya rangi kutoka nje, tukayaotesha, tukayapanda maelfu kandokando ya barabara, tukayamwagilia mara mbili kwa siku, na jua la mwezi wa nne likayafyeka yote kwa wiki. Kisha tukaanza upya. Ilikuwa kazi isiyo na mwisho, na watu wengi waliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mara moja tuliambiwa mgeni mkubwa atapita baada ya saa tano. Hatukuwa na nafasi ya kuyatoa maua kwenye vyungu, tukavifukia vyungu vyenyewe. Mgeni akapita barabara nyingine. Jioni tukavifukua.

Mimi, tangu Ami Suwaid aniachie usimamizi, kila mwaka nilipeleka pendekezo langu kwenye kamati: tupande vichaka vya nchi yetu. Maji tunayomwagilia mjini ni maji machafu yaliyosafishwa, yana chumvi. Vya kwetu vimezaliwa na chumvi. Joto vimelizoea. Na vikishashika, havitaki mtu.

Kamati ilinisikiliza kwa adabu. Mkunazi haukufaa, wakasema, kwa sababu majani yake huoshewa maiti, na watu wanaokwenda madukani hawapendi kukumbushwa. Mswaki haukufaa kwa sababu wapita njia wataukata wapigie meno. "Mji mzima utaliwa, Bi Thuwaiba," alisema mjumbe mmoja, naye mfukoni mwake kikichungulia kijiti cha mswaki. Kichaka kimoja cha milimani chenye majani ya kunata tulikijaribu ukanda mmoja tu, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, mbele ya majumba. Kilistawi vizuri kabisa. Ndilo lililokiponza.

Siku moja nilikwenda kukikagua pamoja na Elibariki, ambaye alikuwa na mwaka mmoja tu kwetu. Alisomea misitu kwao, akafanya kazi vitalu vya milimani, kisha akaja Maskati kwa mkataba wa fundi. Bibi mmoja alitoka nje ya lango lake na miwani myeusi.

"Hebu nyie! Lini mtang'oa haya magugu?"

"Siyo magugu, bibie," nikasema. "Ndiyo yaliyopandwa."

"Yaliyopandwa? Maua yake yapo wapi?"

"Yanatoka, madogo, mwisho wa baridi."

"Madogo! Mie nna bustani nzima ya waridi ndani, halafu nje mnaniwekea chakula cha mbuzi!" Akaingia ndani, akapiga simu mahali panapopigwa simu.

"Mama," Elibariki akaniambia, naye ameinama kwenye kichaka kama daktari, "huyu angekuwa mbuzi angekuwa ametushukuru." Wiki iliyofuata tulivikata na kupanda maua ya rangi. Elibariki hakuvitupa. Alichukua mbegu zote, na mbegu za mswaki, akaziatika nyuma ya kitalu, kwenye kona ambayo mkaguzi hafiki kwa sababu hakuna kivuli. Baada ya miaka miwili tulikuwa na miche mia saba ambayo haikuwamo kwenye orodha yoyote.

Ndipo akaja Bwana Lennart.

Aliletwa kutuandikia mwongozo wa kuchagua vichaka vya asili kwa bustani za mjini. Nilipolisikia neno "asili" nilifurahi mpaka nikapika halua. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa mtu wa tabasamu, na katika nchi yake nadhani mwongozo ule ulikuwa wa kweli neno kwa neno. Tatizo ni kwamba ulikuwa umeshaandikwa kabla hajapanda ndege. Walibadilisha jina la nchi kila ukurasa, ila ukurasa mmoja waliusahau, na hapo paliandikwa kwamba vichaka hivi vya asili hupendeza zaidi vikizungukwa na theluji.

Mhandisi Yaarub, ambaye mama yake ni wa kwetu sisi wa Kiswahili, huzungumza nasi Kiswahili akitaka kutubembeleza na Kiarabu akitaka kutuamuru. Nilipomwonyesha ule ukurasa alizungumza Kiswahili. "Bi Thuwaiba, hiyo theluji ni jambo la hiari."

Kichaka namba moja kwenye orodha kilikuwa kimoja cha nchi za baridi. Jina lake la Kiingereza lina mbwa ndani yake, na Mhandisi aliona haya kuliweka kwenye karatasi za idara, basi sisi tukakiita kijiti chekundu. Kwa mujibu wa mwongozo, uzuri wake haumo kwenye maua wala majani. Wakati wa baridi hupukutisha majani yote, na vinabaki vijiti vitupu, vyekundu kama pilipili iliyoiva. Huo ndio uzuri wake. Vikaagizwa mia tatu.

Siku ile tuliyokuwa sita ilikuwa mwezi wa pili. Dilmurad alifungua mlango wa gari la baridi, ukatoka moshi mweupe, na Bwana Lennart akavuta pumzi kama mtu aliyefika kwao. Vyungu mia tatu, vijiti vyekundu mia tatu mara tano, hakuna jani hata moja. Kwa kweli vilipendeza.

Elibariki akatoa chungu kimoja, akakwangua. Akatoa cha pili. Akakwangua vyungu kumi katika pande tofauti za gari, kama inavyotakiwa. Kisha akaja kwangu na kidole gumba chake kimejaa unga wa kahawia.

"Mama, hizi ni maiti."

"Zote?"

"Kumi kwa kumi. Labda gari lilizima njiani, likapata joto. Ama zilikufa zamani huko huko. Mimi sijui zilikufa kwa nini, najua tu tunapokea msiba."

Nikakwangua mwenyewe. Kahawia. Nikamwambia Mhandisi, na Mhandisi akamwambia Bwana Lennart kwa Kiingereza, na Bwana Lennart akatabasamu akasema maneno marefu.

"Anasema vimelala," akafasiri Mhandisi. "Majira ya baridi hulala. Imeandikwa."

"Bosi, usingizi gani huu?" akasema Elibariki. "Hata aliyelala huwa na mate."

Dilmurad akacheka. Salima akainamia daftari lake ili asicheke. Mhandisi akageukia Kiarabu. Gari linalipiwa kwa saa, akasema, duwari inafunguliwa wiki ijayo, na anayejua usingizi wa mimea ni mwenye shahada au ni mwenye ukucha? Akanipa karatasi. Ilikuwa imeshachapwa: vimepokelewa vikiwa hai, katika hali ya usingizi.

Mnataka kujua kwa nini nilitia saini. Ningeweza kuwaambia kuhusu Muna, aliyekuwa bado chuoni, na ada zake. Ilikuwa kweli lakini si sababu. Sababu ni kwamba niliacha skuli mapema, na maisha yangu yote nimeiogopa karatasi. Ukucha wangu ulisema neno moja na karatasi ikasema jingine, nami nikaona haya kwa niaba ya ukucha wangu. Nikatia saini. Elibariki alinitazama, akaanza kupakua.

Tukavipanda kwenye duwari. Mji ukavipenda. Watu walisimamisha magari wakapiga picha. Kamati ilikuja kuutazama uzuri wa majira ya baridi, katika joto lililowafanya wajumbe wawili wautazame wakiwa ndani ya gari. Mtu mmoja aliuliza majani yako wapi, akajibiwa angoje machipuko. Hapo ndipo nilipofahamu akili ya kile kichaka. Kingine chochote kikifa, watu wanajua siku hiyo hiyo. Hiki kilikuja na karatasi inayosema kwamba kufa ndiko kupendeza kwake.

Machipuko hayakuja. Mwezi wa tatu kamati ikasema yamechelewa. Mwezi wa nne Bwana Lennart, aliyekwisha kurudi kwao, akaandika kwamba machipuko hutegemea eneo. Mwezi wa tano mbuzi mmoja wa Bawshar, mnyama ninayemheshimu, alivuka barabara tatu akafika kwenye duwari, akanusa kijiti, akatazama huku na huku kama aliyeletwa kwa udanganyifu, akarudi alikotoka. Hilo halikuingizwa kwenye taarifa.

Kisha rangi ikaanza kupauka. Mhandisi akaja kitaluni na Kiswahili chake kitamu, na makopo mawili ya rangi nyekundu. "Kwa muda tu, Bi Thuwaiba. Mpaka viamke."

Elibariki alivipaka vyote, kwa brashi ndogo, siku tatu, kuanzia alfajiri mpaka jua lilipomfukuza. Nilimpelekea maji.

"Mama," akasema bila kugeuka, "mimi nimesomea misitu. Leo nampaka maiti hina."

"Nisamehe, Elibariki."

"Wewe hujanikosea. Bado."

Mwezi wa nane ikaundwa kamati ya uchunguzi. Ilikaa siku moja ikafikia jambo la kwanza bila shida: vichaka vilifika hai, kwa sababu kuna saini, sasa vimekufa, basi kuna mtu aliyeviua hapo katikati. Na hapo katikati mwenye mpira wa maji alikuwa mmoja. Ikama ya Elibariki, kibali chake cha ukazi, ilikuwa inakwisha mwezi ule ule. Ikiandikwa kwamba ni kosa lake, haiongezwi, na anarudi kwao na barua ya kufukuzwa.

Alasiri ya siku ya kabla ya kikao nilimfuata kwenye ile kona ya miche yetu isiyo na orodha.

"Kesho nitawaambia," nikamwambia. "Nitasema nilitia saini uongo."

Alikuwa anang'oa majani makavu ya mswaki. "Ukisema hivyo watakuondoa wewe. Na mimi wataniondoa vile vile, kwa sababu nilijua, na bado nikapaka rangi. Wataondoka wawili. Halafu hawa mia saba nani atawatoa hapa?"

"Siyo haki."

"Sijasema ni haki." Akasimama. "Sema unachoweza kusema, Mama. Mimi sikupangii. Lakini mimi nilisema siku ile, mbele ya watu. Hilo tu nataka lisifutike."

Nilikwenda kikaoni na maneno yangu nimeyapanga tangu alfajiri. Walikuwa watano mezani. Mwenyekiti akaisukuma ile karatasi mbele yangu.

"Saini hii ni yako?"

"Yangu."

Nikangoja swali la pili. Lilikuwa swali dogo tu: je, vilikuwa hai? Nilikuwa na jawabu lake tayari ulimini. Hawakuniuliza, nami sikujiuliza kwa sauti. Mwenyekiti akasema, "Ahsante, Bi Thuwaiba," na Salima akaandika kwamba msimamizi amethibitisha. Nikatoka. Nilipofika mlangoni nilisimama kidogo. Nawaandikia hilo la kusimama ili mjue kwamba nilijua.

Kwa upande wa Elibariki walibishana kidogo. Wajumbe wawili walisema alivizidishia maji, wawili wakasema alivipunja. Ili wasigawanyike wakaandika "umwagiliaji usiofaa," na wote watano wakaridhika. Cheti chake cha utumishi kikaandikwa hivyo: ameachishwa kazi kwa kusababisha kufa kwa vichaka mia tatu vya asili.

Siku ya kuondoka nilimpeleka uwanja wa ndege kwa gari langu. Alikuwa na begi moja. Alinichekesha njia nzima, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ningevichukua vile vijiti," akasema. "Lushoto kuna baridi. Labda kule vingeamka, vikaniuliza nani amevipaka rangi."

"Nitakisafisha cheti chako, Elibariki. Nakuahidi."

"Usiharakishe, usikosee tena," akasema. Alisema kwa upole, lakini alilisema.

Mwezi wa kumi, jua lilipolegea, niling'oa vile vijiti vyote nikapanda miche ya Elibariki. Sikuomba ruhusa, nilijaza fomu ya "matengenezo." Hakuna aliyegundua kwa muda mrefu, maana watu wa duwari hutazama magari. Baada ya mwaka mmoja mswaki ulikuwa umefika kiunoni, na kile kichaka cha milimani kimefunga nafasi zote. Baada ya miaka miwili tukafunga bomba la maji, na havikulalamika. Wapita njia wanakata vijiti wapigie meno, kama ilivyotabiriwa, na mswaki hukua tena kabla hawajamaliza kusukutua.

Kisha ikaja taarifa rasmi, yenye picha. Picha ilikuwa ya miswaki yetu. Chini yake paliandikwa jina la kijiti chekundu, kwamba vichaka vilivyopendekezwa na mwongozo vimefanikiwa kupita matarajio, baada ya kipindi kirefu cha usingizi. Idara ikapewa tuzo, kipande cha kioo kilichochongwa kama jani, na mimi nikatumwa kuipokea kwa kuwa nilikuwa na joho jipya. Mji mwingine, kwa kuiona picha ile, ukaagiza vijiti vyekundu mia sita.

Nikaanza kuandika barua. Ya kwanza nilisema wazi: vichaka vilifika vimekufa, fundi alisema, mimi nilitia saini uongo, naomba cheti chake kirekebishwe. Nikajibiwa baada ya miezi kwamba vichaka haviwezi kuwa vilikufa kwa kuwa taarifa inaonyesha vimestawi. Nikaandika ya pili, nikauliza: kama vimestawi, Elibariki ameua nini? Nikajibiwa kwamba hayo ni mafaili mawili tofauti, yenye idara ndogo mbili tofauti, na kila moja liko sahihi ndani ya jalada lake. Kila mwaka niliandika moja. Mhandisi Yaarub alipostaafu alinishika mkono akaniambia kwa Kiswahili, "Bi Thuwaiba, wewe ni mtu wa kushikilia." Nikamwambia tumelelewa hivyo, hatugawiki. Hakuelewa, na haikuwa lazima.

Mwaka jana mafaili yote yakaingizwa kwenye kompyuta. Kijana mpole wa ofisi ya utumishi alinionyesha. Kwenye mfumo, sababu ya mtu kuachishwa kazi huchaguliwa kwenye orodha: kosa, ugonjwa, kifo, kustaafu.

"Hakuna 'alionewa'?" nikamuuliza.

Alitafuta kweli, masikini. "Hakuna, mama. Naweza kumweka 'kifo.' Itafuta kosa."

"Yu hai," nikasema.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mwanamke mmoja wa Lushoto anayefanya kazi kwenye nyumba ya jirani yangu alinitafutia namba. Nikampigia Elibariki. Sauti yake ilikuwa imezeeka kuliko nilivyotarajia, lakini akaijua ya kwangu kabla sijajitaja.

"Mama! Miche ikoje?"

Nikamwambia juu ya miswaki, juu ya tuzo, juu ya ule mji wa mia sita. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza anafanya kazi kitalu gani siku hizi.

"Sina kitalu, Mama. Nalima viazi. Kila kitalu nilichoomba waliomba cheti. Wakikisoma wananiuliza, wewe ndiye uliyeua mia tatu? Mara ya tatu nikaacha kuomba. Viazi navyo ni mimea, lakini."

Nikamwambia nataka kumtumia kitu. Chochote. Akasema nisitume chochote.

"Niletee ile karatasi iliyosafishwa tu," akasema. "Hata nikiwa nimezeeka. Niwasomee wanangu."

Nimestaafu sasa, na mwenye kustaafu hana muhuri. Barua ya mwaka huu nimeiandika kama raia wa kawaida, nikaipeleka kwa mkono, nikapewa risiti yenye namba. Yeyote kati yenu atakayekaa kwenye kile kiti cha msimamizi, namba hiyo nimeiacha kwa Salima. Vichaka vilifika vimekufa. Elibariki alisema, mbele yetu watano, na mimi nikatia saini. Cheti bado sijampa.